Simu Iliyooshwa

Siku ambayo Taonga, dada wa ofisi ya kutafuta watoto waliopotea, alimwonyesha Pierrette picha ya mvulana wa ng'ambo ya ziwa, Pierrette hakulia. Alicheka. Alicheka mpaka watu waliopanga foleni ya dawa nje ya dirisha wakageuka kumwangalia: mjane mwenye kitambaa cheusi kichwani, anacheka ofisini asubuhi yote hii! Lakini afanyeje? Paji la uso lilikuwa la marehemu Octave, mume wake. Masikio yalikuwa ya Octave. Hata ule mdomo wa kubishana na kila mtu ulikuwa wa Octave mtupu. Na kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kiganjani, palikuwa na kovu la moto ambalo Pierrette alilipaka asali kwa vidole vyake mwenyewe.

"Njo yeye," alisema. "Ni Ben yangu."

Mantapala nzima ilimwita Mama Ben, ingawa huyo Ben hakuna aliyewahi kumwona katika makazi yale ya wakimbizi. Alipotea mwaka 2017, mwaka wa vita, walipokuwa wakikimbia vijiji vya kando ya ziwa upande wa Kongo. Octave alimpakia mtoto kwenye mashua ya kwanza pamoja na nyanya yake, yeye na mkewe wakangoja ya pili. Ya pili ilifika Zambia. Ya kwanza ilirudishwa na upepo na risasi. Nyanya alikutwa amekufa ufukweni, na mtoto wa miaka mitatu hakuonekana, si mzima si maiti. Tangu hapo Pierrette alikuwa akiitwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, naye akiitika.

Taonga alikuwa Mzambia wa mashariki ya nchi. Kiswahili alikiokota palepale Mantapala kwa kuwasikiliza Wakongo wakilalamika, kwa hiyo alikuwa hodari wa malalamiko na mzito wa furaha. Alivuta kiti chake karibu.

"Mama Ben, minakuamini," alisema. "Lakini kuko mutu mwingine."

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamume wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Naye alipoteza mtoto katika vita vilevile. Mtoto wake naye aliitwa Ben, na kwani Ben ni jina adimu? Ukirusha jiwe pwani ya ziwa Mweru utampiga Ben. Mtu huyo alikuwa na karatasi ya kuzaliwa, imelowa, imekauka, imekunjika, lakini karatasi.

"Na kovu?" Pierrette aliuliza. "Aliwaambia juu ya kovu?"

"Kovu inaonekana mu picha, mama. Ile picha ilibandikwa fasi yote. Kila mutu alisha kuiona."

Masista waliomlea mvulana hawakuwa watu wabaya. Walisema tu kwamba wamengoja vya kutosha, mtoto anakua bila kwao, na Ijumaa wataamua. Wataamua kwa ushahidi, preuve kama wanavyoita: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, picha ya zamani. Maneno ya mama peke yake hayatoshi, maana yule baba naye ana maneno, na machozi anayo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dosie ya ofisini haiujui.

Pierrette akacheka tena. "Preuve? Niko nayo yote. Yote kabisa!"

Akatia mkono kifuani, akatoa kijiflashi kidogo kilichofungwa kwa uzi shingoni mwake. Kilikuwa na joto la mwili wake.

Octave alikuwa mtu wa kuogopa kwa bidii. Kule Kenani, kambi ya kwanza ya kupokelea watu, alimwona mtu mmoja akizipiga picha karatasi za jirani kwa kisingizio cha kumsaidia. Haukupita muda jirani akaambiwa kwamba familia yake imekwisha kusajiliwa, imekwisha kula, imekwisha kuhamishwa, na yeye aliyesimama pale dirishani ni nani? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Octave hakuumwa, aliona mwenzake tu akiumwa, na sumu ikamwenea vilevile.

Karatasi zenyewe mchwa walizila msimu wa kwanza wa mvua hapo Mantapala, pamoja na sanduku. Bahati Octave alikuwa amezipiga picha zote kwa simu yake: cheti cha Ben, kadi ya chanjo ya Ben, na ile picha waliyopigwa zahanati siku Ben alipoungua, baba amempakata, mkono umefungwa bandeji, mtoto anaangalia kamera kwa hasira. Kisha akaenda kujifunza kompyuta kwenye mafunzo yaliyoletwa kambini, na siku moja akarudi na neno jipya mdomoni: kusimba. Alimweleza mkewe huku anamsaidia kumenya mihogo, jambo ambalo hakulifanya ila alipokuwa na hotuba.

"Ukifunga mulango, mwizi anavunja, anakuta vitu yako. Donc mulango ni bure. Miye ninasaga. Karatasi zote ninazisaga, zinakuwa unga. Mutu akiiba, ameiba unga. Kuko maneno fulani tu, nikiyaandika, unga inarudi muhogo."

"Maneno gani?"

"Marefu. Si ya kubeba mu kichwa, na sitaki siku moja mutu akukamate shingo uyaseme. Nimeyaficha mu simu. Simu iko na namba yake, na ile namba unaijua, ni siku ya kuzaliwa ya Ben. Weye ubebe flashi, miye nibebe simu. Funguo na sanduku havilali nyumba moja. Mwizi akipata kimoja, hana kitu."

Kisha, ili kazi ikamilike, akazifuta zile picha kwenye simu, akafurahi kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Alikuwa sahihi katika kila jambo. Hilo ndilo linaloudhi. Hesabu yake yote ilikuwa sahihi, ila alisahau kujihesabu yeye mwenyewe, kwamba mbeba simu naye hufa. Homa ilimkamata mwanzoni mwa mvua, ikampanda kichwani, akafa bila kusema neno la maana, sembuse maneno marefu.

Pierrette aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda lori la mahindi mpaka Nchelenge. Huko Kapembwa, fundi wa simu, alikuwa na kibanda sokoni, simu mbovu mezani na kompyuta moja nyuma yake, na alikuwa mkarimu kwa Wakongo kwa sababu mama yake aliolewa na Mkongo. Alichomeka flashi. Kioo kikaonyesha kisanduku cheupe kitupu, na kijistari kinawakawaka ndani yake.

"Inaomba pasiwedi, bamayo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya pale ziwani.

"Iko mu simu ya bwana yangu."

"Basi lete simu, mukwai. Ni kazi ya dakika."

Simu. Pierrette alijua simu iko wapi, maana aliiona ikiondoka. Siku ya kuondoa matanga, ndugu za Octave walikaa uani wakagawana vitu vya marehemu kama desturi ilivyo: koti kwa huyu, jembe kwa yule, baiskeli kwa mjomba. Mjane hukaa mkekani, ameinamisha kichwa, hana kinywa siku hiyo. Akinyoosha mkono kuomba kitu, watasema alikuwa akikingoja. Simu ilipotajwa, aliinua kichwa. Alifungua mdomo. Akaona wanawake wa ukoo wamemkazia macho, akakumbuka yaliyosemwa juu ya mjane mwingine wa kambini aliyeng'ang'ania simu ya mumewe, kwamba mle ndani mna mwanamume. Akaufunga mdomo. Simu akapewa Lévi, mdogo wake Octave, mtu mpole anayekausha samaki Kashikishi. Pierrette alijiambia, Lévi si mtu mbaya, nitamwomba baadaye, simu haina miguu.

Kutoka kwa Kapembwa hadi kwa Lévi si mbali. Alimkuta uani akishona nyavu, kwa kuwa serikali ilikuwa imefunga uvuvi mpaka samaki wazaane. Mkewe, Eness, binti wa palepale ziwani, akaleta kigoda na maji ya kunywa. Salamu zilichukua muda wake: watoto, mihogo, mvua, kaburi la marehemu kama halijatitia. Mjane haji kwa shemeji akaanza na haja, hata kama haja inamchoma tumboni.

"Shemeji," alisema mwishowe, "ninaomba simu ya yaya yako Octave. Kidogo tu, nitairudisha. Ben ameonekana."

Lévi aliitupa sindano ya nyavu. Alipiga magoti palepale mchangani akamshukuru Mungu kwa sauti, na Eness akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha Lévi akaingia ndani mbio, akatoka na simu imefungwa katika kitambaa safi.

"Tuliitunza muzuri, Mama Ben. Angalia. Tuliiosha."

"Muliiosha?"

"Kitu ya mufu inaoshwa," Lévi alisema, kama anayemkumbusha mtu jambo la wazi. Koti je, si aliliosha ziwani kabla ya kulivaa? Baiskeli ya mjomba je, haikuoshwa? "Lakini simu ilikuwa inalia kila siku. Bantu hawakujua yaya alisha kufa, banamwita tu. Octave, uko wapi? Octave, itika! Eness alikuwa halale. Na simu huwezi kutia mu maji. Basi tulipeleka kwa kijana wa simu pa soko, tukamwambia aoshe yote ya ndani, jina ya yaya isibakie hata moja. Aliosha kabisa. Tangu hapo tunalala."

Pierrette aliipokea kwa mikono miwili. Akaiwasha. Ikaja na rangi za kupendeza, ikamkaribisha, ikamwomba achague lugha. Kidole chake kilikuwa tayari na siku ya kuzaliwa ya Ben, lakini simu haikuuliza namba yoyote. Ilikuwa mpya kama mtoto mchanga, haimjui Octave, haimjui mtu.

Laiti pangekuwa na mwizi! Mwizi hutukanwa, roho ikapoa. Hapa palikuwa na shemeji mwenye heshima aliyefanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake, amesimama na kitambaa safi mkononi, tabasamu linamwisha polepole kwa sababu ameona uso wa shemeji yake na hajui kosa ni lipi.

Walirudi kwa Kapembwa wote wawili. Kapembwa alipoiona simu, na utepe wa kijani uliobandikwa kwenye kona yake iliyopasuka, mikono yake ilisimama.

"Hii ni ya marehemu," alisema. "Walisema nisafishe yote. Nilisafisha yote. Sorry, bamayo. Sorry sana."

"Rudisha."

"Hairudi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kapembwa aliuliza kama marehemu aliweka nakala mtandaoni, na Lévi mwenyewe ndiye aliyejibu kwamba yaya yake alikuwa haamini hata benchi la kanisa, sembuse mtandao. Basi wakaanza kujaribu. Pierrette alitaja Ben. Alitaja Octave na Pierrette, na jina la kijiji, na jina la mto wa kijijini, na Zaburi ambayo Octave aliipenda, aya baada ya aya. Alitaja hata lile tusi alilotukana kila mnyororo wa baiskeli ulipokatika, na alilitaja kwa sauti, mbele ya shemeji yake, bila haya. Lévi akaongeza nyimbo za utoto wao. Kapembwa aliandika kila neno kwa uangalifu, na kila mara kioo kilitoa jibu lilelile.

"Inasema si hiyo," Kapembwa alisoma. "Inasema jaribu tena."

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa ziwa Kapembwa alipoondoa mikono kwenye kompyuta.

"Bamayo, naweza kukuandikia mpaka meno yangu yaanguke. Haitafunguka. Hata yule mutu aliyetengeneza hii kitu hawezi kufungua. Aliitengeneza vile."

"Kwa nini mutu anatengeneza kitu hata yeye hawezi kufungua?"

"Ili mwizi asifungue."

"Miye si mwizi."

"Yenyewe haijui, bamayo."

Nje ya kibanda Lévi alikaa chini, katikati ya watu wanaopita na ndoo zao, mtu mzima na kofia yake. "Nimeosha mutoto wa yaya," alisema. "Nimemwosha na mikono yangu." Pierrette alijua angepaswa kumwinua. Angepaswa kumwambia kwamba kosa si lake peke yake, kwamba yule aliyekaa mkekani na kufunga mdomo pia alikuwepo. Hakuweza. Maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa ameyamaliza mle ndani.

Alhamisi Taonga alimwita. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelipekua kabati zima.

"Kuko kitu moja," alisema, na akaufunga mlango. "Bwana yako, kule Kenani, siku ya kwanza, walimuuliza jina ya nyumbani ya mutoto. Alisema kwa mdomo, wakaandika. Masista hawaijui. Yule baba haijui. Leo tutapiga simu. Mutoto akisema hiyo jina yeye mwenyewe, na sista anasikia, minasimamisha Ijumaa. Lakini usimwambie. Ukimwambia, imekufa."

Ukoko. Octave, mtu asiyemwamini yeyote, alikuwa amemwambia karani asiyemjua jina la mapenzi la mwanawe. Walimwita Ukoko kwa sababu alipenda ugali ulioganda chini ya sufuria kuliko chakula chochote, na siku aliyoungua alikuwa ameingiza mkono kuufuata. Pierrette aliona kile kicheko cha siku ya kwanza kinataka kurudi, akakikandamiza, maana alikuwa ameshajifunza.

Simu iliwekwa mezani, sauti wazi. Sista akasalimu kwa Kifaransa, akampisha mtoto. Sauti ilikuwa kubwa kuliko Pierrette alivyotarajia. Katika kichwa chake Ben alikuwa bado na miaka mitatu.

"Allô? Ni mama?"

"Ni miye." Alishika ukingo wa meza. "Uko muzuri?"

"Niko muzuri. Mama, yule baba alinionyesha karatasi, jina yangu iko ndani. Weye uko na nini?"

"Niko nayo yote, mwana yangu. Na picha yako pia. Imefungwa tu. Sikiliza. Ku nyumba tulikuwa tunakuita jina ingine, ya mapendo. Unaikumbuka?"

Ng'ambo ile vyombo vilikuwa vinaoshwa.

"Papy?"

"Hapana. Jaribu tena."

"Trésor?"

Alikuwa anabahatisha. Pierrette aliitambua ile sauti inayopanda mwishoni mwa neno, kwa sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe siku nzima kwenye kibanda cha Kapembwa.

"Ile kitu ulikuwa unapenda, ya chini ya—"

Taonga aliinua kiganja. Upande wa pili sista alikohoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka Taonga, lakini kiganja hakukishusha.

"Junior?" mtoto alisema. Halafu sauti ikashuka, ikawa karibu sana, kama ameufunika mdomo na simu kwa mkono, na Pierrette akajua ni mkono upi. "Mama. Niambie tu. Nitasema."

Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi, lenye ladha ya moshi. Alimtazama Taonga. Taonga alitikisa kichwa.

"Jaribu tena, mwana yangu," Pierrette alisema. "Jaribu tena."

Alijaribu. Alitaja majina ya watoto wote wa nyumba ile ya masista, mmoja baada ya mwingine, mpaka sista akaichukua simu kwa upole. Ijumaa yule mwanamume wa karatasi alimchukua. Mantapala bado wanamwita Pierrette Mama Ben, maana hakuna anayejua amwite nani, na yeye bado anaitika.